Mdako ukiingia darasani, nani anashika kijiwe?

Saa ya mapumziko, nyuma ya madarasa ya shule moja ya msingi huku Mbeya, wasichana wamezunguka kishimo cha mdako. Kijiwe kimoja kinarushwa juu, na kabla hakijadakwa, vijiwe 12 vimeshakwanguliwa nje ya shimo. Kinarushwa tena, vinarudishwa, kinabaki kimoja. Mzunguko unaofuata wanatoa viwiliviwili, kisha vitatuvitatu. Wakifika vitanovitano, mchezaji anajua mapema kwamba viwili vitabaki bila wenzao. Kengele inalia. Msichana yuleyule anaingia darasani, anaulizwa 12 kugawa kwa 5, anainamisha kichwa.

Kwa sababu ya kichwa kile kilichoinama, nawaunga mkono walimu wanaotaka michezo iingie ndani ya kipindi. Mtoto yule hesabu anaijua. Asichokijua ni kwamba alama zilizoandikwa ubaoni zinasema kilekile alichokifanya kwa vidole dakika chache zilizopita, na hakuna aliyemwonyesha.

Lakini walimu wanaopinga wana hoja, na si haki kuwaita wavivu. Tangu michango ya lazima ilipoondolewa shule za msingi mwaka 2016, watoto walifurika, jambo jema kabisa, ila vyumba na walimu havikuongezeka kwa kasi hiyo. Kiwango kinachotajwa ni mwalimu 1 kwa wanafunzi 45, na wapo wanaofundisha karibu mara mbili ya hao. Kipindi ni dakika 40, na kwa darasa la kwanza na la pili ni 30 tu. Ukigawa vijiwe, ukapanga makundi, ukatuliza waliogombana, robo ya kipindi imekwenda. Mtihani wa darasa la nne unasubiri, na mzazi akipita dirishani akasikia vicheko atauliza kama mwanawe ametumwa shule kucheza.

Hoja hiyo ina uzito zaidi kwa aina moja ya mchezo, ile ambayo bahati mbaya ndiyo inayopendwa: mashindano ya makundi. Mwalimu anauliza, wa kwanza kunyoosha mkono analipatia kundi lake pointi. Darasa linachangamka, mgeni anayetembelea shule anafurahi. Hesabu mikono, utaona ni ileile mitano au sita. Aliyetoka nyumbani akizungumza Kisafwa au Kinyakyusa, ambaye bado anaitafuta sentensi ya Kiswahili kichwani, swali limeshajibiwa. Mchezo wa namna hiyo unamzawadia anayejua na kumfundisha asiyejua kunyamaza. Afadhali chaki na ubao.

Vishikwambi sitavijadili sana. Vile vya sensa ya 2022 waligawiwa walimu, na vinamsaidia mwalimu kuandaa somo. Kishikwambi kimoja mbele ya watoto themanini hakiwezi kuwa mchezo wa darasa. Bao nalo ni hazina ya hesabu, lenye mashimo 32 na kete 64, lakini wachezaji ni wawili na linahitaji muda. Nafasi yake ni baada ya masomo.

Vijiwe ni tofauti. Watoto wanne dawati moja: mmoja anatoa vitanovitano, wa pili anahesabu mafungu, wa tatu anaandika, wa nne anahakiki, kisha wanabadilishana. Kila mmoja ameshika kijiwe, na hakuna anayeweza kujificha nyuma ya mwenzake mwepesi wa kujibu. Tena wenye shule za nyanda hizi wanajua mvua ya Machi inavyolipiga bati, mpaka sauti ya mwalimu haifiki dawati la tatu. Somo la maneno matupu husimama hapo. Vijiwe vinaendelea.

Robo ya kipindi itapotea, hilo sibishani nalo. Ningekubali ipotee mara mbili kwa wiki, katika hisabati ya darasa la pili hadi la nne, pale kugawanya na baki vinapowakwamisha watoto, kwa sharti kwamba dakika tano za mwisho vijiwe viwekwe chini na kila mtoto aandike kwenye daftari lake: 12 ÷ 5 = 2, baki 2. Dakika hizo tano zikikosekana, mdako ungebaki tu kule nyuma ya madarasa.