Magari Gani Hayo Tupunguze?

Semina ya tabianchi imekuja Amu, mji wetu wa kisiwa cha Lamu ambako karibu hakuna magari. Kijana mmoja kutoka bara akatuhimiza kila mtu ahesabu hewa ukaa anayoitoa, kisha tupunguze kuendesha magari. Magari! Amu! Mzee mmoja akamuuliza kwa adabu zote: "Mwanangu, na punda je?"

Ukumbi ulivunjika mbavu. Mimi nilitoka nimefura.

Maana hiyo hesabu ya mtu mmoja mmoja ilivumishwa na nani? Na BP, kampuni ya mafuta, miaka ya 2000. Ilitoa hadi kikokotoo mtandaoni, watu wajihesabie dhambi zao wenyewe. Wanasayansi wa Exxon, kampuni nyingine ya mafuta, nao walishakadiria joto la dunia litakavyopanda, na wakapatia, tangu miaka ya 1970 na 1980, huku kampuni yao ikiwaambia watu kuwa jambo halina hakika. Leo mshtakiwa ni mama wa mtaani Langoni na seredani yake ya mkaa!

Na sisi tumeyaona kwa macho. Kule Kwasasi, kaunti yetu hii ya Lamu, ulipangwa mtambo wa umeme wa makaa ya mawe, megawati 1,050, makaa yenyewe yaje kwa meli kutoka Afrika Kusini. Mtambo huo ungewashwa, tungezima taa Amu nzima, kutoka Mkomani mpaka Shela, tukalala gizani mwaka mzima, na tusingefidia lolote. Ulizuiwa na nini? Save Lamu, muungano wa wanajamii wa hapa, na wenzao walishtaki. Tarehe 26 Juni 2019 baraza la kuamua kesi za mazingira (National Environment Tribunal) likafuta leseni ya mtambo: wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, na Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016 haikuzingatiwa. Watu waliandamana, wakatoa ushahidi, wakatukanwa kuwa wapinga maendeleo. Hakuna aliyeshinda kesi ile kwa kuchomoa chaja ya simu.

Haya, nakubali, shingo upande: anayekata mikoko bila kibali asijifiche nyuma ya Exxon. Mifuko ya plastiki nayo ilikuwa aibu yetu. Lakini hata hiyo ilipungua kwa marufuku ya 2017, si kwa nasaha.

Kwa hivyo mwenye semina ya kutufundisha kusoma ripoti ya athari za mazingira, ukurasa kwa ukurasa, na pingamizi hupelekwa wapi kabla muda haujapita, na aje. Hiyo nitakwenda hata kama haina posho wala chai.