Kipaza Sauti Kizimwe au Kiachwe?

Masharti ya mdahalo wa kwanza wa urais wa Marekani mwaka 2020 hayakuwa magumu. Mada sita, kila moja dakika 15, na kila mgombea aanze na dakika mbili zake bila kuingiliwa. Kambi zote mbili ziliyakubali. Usiku wa 29 Septemba, mjini Cleveland, Donald Trump aliyavunja mapema, akimdakiza Joe Biden hata ndani ya dakika zile mbili. Biden naye uvumilivu ukamwishia: "Hebu nyamaza, bwana!" Mwongozaji, Chris Wallace, alimkumbusha Trump kwamba watu wake mwenyewe walikubali utaratibu ule. Haikusaidia.

Mdahalo wa 22 Oktoba, Nashville, Tume ya Midahalo ya Urais ilikuja na dawa: mmoja akitumia dakika mbili za kufungua mada, kipaza sauti cha mwenzake kinazimwa. Majibizano ya baadaye yaliachwa huru. Safari hii watu walisikilizana.

Wanaounga mkono hatua hiyo wana hoja nzito. Anayemkatiza mpinzani humnyima pia mtazamaji jibu alilokaa kulisubiri. Onyo la mdomo halimtishi mtu asiyekuwa na adhabu nyingine ya kuogopa, na mwishowe anayeumia ni yule anayeheshimu zamu.

Upande wa pili nao si wa kupuuzwa. Wallace alisema hata angezimiwa, Trump angeendelea kusema na sauti yake ingenaswa na kipaza cha Biden. Hoja ninayoiona kubwa zaidi ni ya hulka. Mtu anayeomba kukabidhiwa jeshi la nchi akishindwa kunyamaza dakika mbili, wapiga kura wana haki ya kulishuhudia hilo. Mwaka 2024, kwenye mdahalo wa Trump na Biden mjini Atlanta, kituo cha CNN kilizima kipaza cha kila asiye na zamu. Trump alionekana mtulivu kuliko alivyokuwa Cleveland, na macho yote yakahamia kwa Biden aliyekuwa akibabaika. Wiki chache baadaye, 21 Julai, Biden alijitoa kwenye kinyang'anyiro.

Kilichofuata kinafundisha. Kambi ya Biden ndiyo iliyotaka vipaza vizimwe. Kamala Harris alipochukua nafasi yake, kambi hiyohiyo ikataka viachwe wazi kwenye mdahalo wa ABC wa 10 Septemba. Haikukubaliwa. Lakini pale ndipo ilipoonekana kwamba kila upande hulipenda sharti kwa faida yake.

Waongozaji pia hutuhumiwa. Tarehe 1 Oktoba 2024, kwenye mdahalo wa wagombea wenza wa CBS, mwongozaji Margaret Brennan aliongeza kwamba wahamiaji wengi wa Kihaiti mjini Springfield, Ohio, walikuwepo kihalali. JD Vance, mgombea mwenza wa Trump, akalalamika kuwa walikubaliana kauli zisihakikiwe na waongozaji, akaendelea kusema, na vipaza vikazimwa. Maelezo ya Brennan yalikuwa ya kweli. Hata hivyo, kwa upande wa utaratibu, naona Vance alikuwa na nusu ya haki: mwongozaji anayesogeza mpaka katikati ya mchezo hudhoofisha mamlaka yake ya kumwonya mgombea.

Mimi nachagua mtindo wa Nashville: dakika mbili zilindwe kwa swichi, majibizano yaachwe wazi ili hulka ionekane. Ila swichi peke yake haitoshi ikiwa masharti hutungwa na wagombea wenyewe. Oktoba 1988, League of Women Voters, chama cha kiraia kilichodhamini midahalo tangu 1976, kilijitoa kwa sababu kambi mbili zilijipangia kila kitu faraghani, kikisema huo ni ulaghai kwa mpiga kura. Mwaka 2024 Tume nayo iliwekwa kando, kambi zikaelewana moja kwa moja na vituo vya televisheni. Kituo kinachombembeleza mgombea aje studioni kwake hakina ubavu wa kumwadhibu akishafika. Kwa hiyo makubaliano yote yachapishwe kabla ya siku yenyewe, yakiwemo nani ameshika swichi na ataizima lini.