"Au" moja katika sheria ya chuki ya Kenya

Kifungu cha 13 cha Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya Kenya, ya mwaka 2008, kinamtia hatiani anayetoa maneno ya vitisho, dharau au matusi akikusudia kuchochea chuki ya kikabila, au ikiwa, kwa kuzingatia mazingira yote, chuki hiyo yaelekea kuchochewa. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi milioni 1, kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. "Au" ile ya kwanza baada ya nia ndiyo kiini cha mgogoro, kwa kuwa inaruhusu mtu kufungwa bila nia kuthibitishwa.

Waliotunga sheria hawakuropoka. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007 ziliua watu zaidi ya 1,100, na chuki iliyozitangulia ilipita kwa mafumbo yaliyowalenga watu wa makabila mengine: "madoadoa", "kwekwe" (magugu). Hadhira ilijua nani wa kung'olewa. Kortini, msemaji angedai alizungumzia shamba.

Kinyume chake, Mpango wa Rabat wa 2012, uliotokana na warsha za wataalamu chini ya Umoja wa Mataifa, unataka mambo sita yapimwe kabla ya usemi kufanywa jinai: muktadha, hadhi ya msemaji, nia, maudhui na mtindo, ueneaji, na uwezekano wa madhara pamoja na ukaribu wake. Uzembe hautoshi. Na kuna sababu: mwandishi anayenukuu uchochezi ili aukosoe hueneza maneno yaleyale.

Mwaka 2022 Tume ya Uwiano, iliyoundwa na sheria hiyohiyo, ilitoa orodha ya maneno ya kuepukwa. "Madoadoa" yalikuwamo, na "hatupangwingwi" pia, Sheng ya kukataa kupangiwa mambo, isiyotaja kabila lolote. Hapo ndipo orodha inapokosea: hupima neno, ilhali Rabat hupima tukio.

Kwa maoni yangu nia iwe sharti, na woga kwamba mafumbo yatawaokoa wachochezi umekuzwa mno. Mtu hafumbi asilolikusudia; fumbo likifafanuliwa na shahidi anayeijua lugha ya eneo, lenyewe huwa ushahidi wa nia. Kikwazo kikubwa zaidi ni cha kiutendaji: namna ushahidi unavyokusanywa na kuletwa kortini. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinadai hati inayothibitisha rekodi ya kielektroniki ilivyotengenezwa, na kwa kifaa gani. Hati ikikosekana, video inaweza kukataliwa. Tafsiri ikiwa ya juujuu, "kwekwe" hubaki magugu tu. Na kipande cha sekunde 40 kilichokatwa mtandaoni hakimwonyeshi hakimu hotuba ilianzia wapi wala umati uliitikia nini.