Githyanki Waliletwa na Msomaji

Juzi kijana mmoja tunayecheza naye alituambia, kwa uhakika kabisa, kwamba githyanki, wale wapiganaji wa kutisha wa mchezo wa mezani wa Dungeons and Dragons, walibuniwa na waliotengeneza mchezo wa kompyuta wa Baldur's Gate 3. Wengine mezani wakaitikia kwa vichwa. Nilimjibu palepale, lakini hasira haijaniisha, na wala si hasira ya kumkasirikia yeye. Inaniuma kwamba tumeiacha kumbukumbu ya michezo hii mikononi mwa yeyote anayeuza toleo jipya zaidi.

Githyanki walitokea kwanza kwenye jarida la michezo la Uingereza, White Dwarf, toleo la 12, mwaka 1979. Aliyewaandika ni Charles Stross, ambaye wakati huo hata miaka kumi na mitano alikuwa hajatimiza. Hakuwa mwajiriwa wa mtu. Alikuwa msomaji aliyetuma kazi yake kwenye Fiend Factory, safu ya jarida hilo ya madubwana yaliyobuniwa na wasomaji, na mhariri wa safu, Don Turnbull, akaona inafaa. Mwaka 1981 TSR, kampuni ya Marekani iliyokuwa na mchezo wenyewe, ikatoa Fiend Folio, kitabu kilichojaa madubwana ya safu ile, na aliyewekwa kwenye jalada ni githyanki. Ndani ya kitabu hichohicho mna madubwana mengine, githzerai, slaad na death knight, wote kutoka kichwa cha kijana yuleyule. Ukicheza D&D kwa muda mrefu, huwezi kuwakwepa hawa.

Na si kwamba walibahatisha. Madubwana mengi ya enzi zile yalikuwa ni namba tu: uhai kiasi hiki, kinga kiasi hiki, pigo linaumiza kiasi hiki, na hazina gani utaikuta likishakufa. Githyanki waliingia na historia yao. Walikuwa watumwa wa mind flayer, madubwana yanayotawala akili za watu, wakaasi wakiongozwa na Gith, wakaenda kujichimbia Astral, ulimwengu wa roho nje ya dunia ya kawaida. Anayewatawala ni malkia mfu asiyekufa, na mfuasi wake akishapata nguvu kupita kiasi, malkia humuua kabla hajageuka tishio. Panga zao za fedha hukata ule uzi unaomuunganisha msafiri wa Astral na mwili wake. Ukikutana nao unajua wanamwogopa nani na kwa nini wanakuchukia, na mwongoza mchezo anapata kampeni nzima kutoka kwenye ukurasa mmoja. Haya yote yalianzia kwa mtoto wa shule!

Ndiyo maana nasema jarida lile lilikuwa kitu kikubwa kuliko tunavyolisimulia. Ian Livingstone, Steve Jackson na John Peake walianzisha Games Workshop, kampuni ya kuuza michezo, mwaka 1975 huko London. Waliagiza nakala sita tu za D&D kutoka Marekani, na kwa nakala hizo sita wakapewa haki ya kuisambaza Ulaya. Walianza na kijarida cha Owl and Weasel, kisha Juni 1977 likatoka toleo la kwanza la White Dwarf, Livingstone akiwa mhariri. Aliendelea nalo kwa matoleo 74 ya mwanzo. Hawakuwa na jeshi la waandishi. Kurasa zilijazwa na watu waliokuwa wakicheza nyumbani kwao mwisho wa wiki: hili pango langu, hili dubwana langu, hii kanuni yenu haifanyi kazi na sababu ni hizi.

Turnbull alikuwa makini mno. Katika matoleo ya kwanza kabisa alichapisha mfumo alioupa jina la Monstermark. Unachukua dubwana, unalipambanisha kwa hesabu na mpiganaji wa kawaida, kisha unakadiria litakuwa limemdhuru kiasi gani mpaka linapouawa. Hebu fikiria mtu anakaa chini kufanya hesabu hiyo dubwana kwa dubwana ili mwenzake asiyemjua asije akawaua wachezaji wake wote kwa bahati mbaya. Mimi naona upendo hapo.

Siku hizi sehemu za kubandika ubunifu wako ni nyingi, na wapo wanaoniambia kwamba hiyo ndiyo Fiend Factory ya leo. Sikubali. Kubandika si kuchapishwa. Kijana wa leo anabandika dubwana lake, linazama kesho yake, na hakuna aliyemwambia kama ni zuri au ni bovu. Yule wa 1979 alikuwa na mhariri aliyeisoma kazi yake, akaipima, akaweza pia kuikataa, na ilipokubaliwa ikatoka na jina lake mbele ya watu wanaoujua mchezo. Kusomwa na mtu anayejali ndiko kunakomfanya mtoto aendelee kuandika. Stross aliendelea, na leo ni mwandishi wa hadithi za kisayansi mwenye tuzo za Hugo.

Nakubali, shingo upande, kwamba madubwana mengine ya safu ile yalikuwa hovyo. Nakubali pia kwamba jina lenyewe la githyanki Stross alilitoa kwenye riwaya ya George R. R. Martin ya 1977. Sawa. Lakini malkia na ile hofu ya wafuasi wake havikutoka huko.

Mwaka 1986 jarida likahamishiwa Nottingham, na kabla muongo ule haujaisha lilikuwa limegeuka jarida la Warhammer, mchezo wa vita wa Games Workshop wenyewe, la visanamu na rangi za duka lao peke yake. Watanijibu kwamba ndiyo maana bado lipo, wakati Dragon, jarida la Marekani la michezo hii, iliacha kuchapwa kwenye karatasi mwaka 2007, toleo la 359. Ni kweli lipo. Ila msomaji aliyekuwa mwandishi akageuzwa mnunuzi, na hilo siwezi kuliita ushindi. Tulipoteza safu ya Dave Langford ya uhakiki wa vitabu. Tulipoteza mahali ambapo mfumo wa kampuni moja ulikosolewa ukurasa unaofuata tangazo la mwingine. Hata Thrud, shujaa wa katuni wa Carl Critchlow, mwenye kichwa kidogo juu ya mwili wa jabali, alikuwa na nafasi yake pale.

Matoleo yale 74 nataka yachapwe upya jinsi yalivyokuwa, pamoja na barua za wasomaji wenye hasira na matangazo ya maduka yaliyokwisha kufungwa, na kila dubwana libaki na jina la aliyelituma.