Acheni kuidharau Chamazi

Kila mechi kubwa ikipangwa Chamazi, kwenye uwanja wa klabu ya Azam huku Mbagala, Dar es Salaam, maneno ni yaleyale. Mnatupeleka porini. Ule ni uwanja wa mazoezi. Foleni ya Mbagala nani ataiweza? Juzi nimeyasikia tena asubuhi redioni, mchambuzi akihitimisha kwamba uwanja wa watu elfu kumi huko pembezoni haustahili kuhesabiwa kwenye soka la kisasa. Daladala nzima ikacheka. Na ilikuwa daladala ya kutoka Mbande, imejaa watu ambao usiku wakilala wanaziona taa za uwanja huohuo wakichungulia dirishani.

Hicho kicheko kimeniuma kuliko maneno ya mchambuzi. Sisi watu wa Mbagala tumezoea kusemwa, mpaka tumeanza kusaidia kujisema. Kitu pekee cha maana ambacho mpira wa nchi hii umetuletea mlangoni, nasi tunakikebehi kwa sababu mtu wa mjini kakikebehi.

Wengi wanaousema vibaya uwanja huo, Azam Complex, wameuona kwenye runinga tu, na runinga inaonyesha nyasi, jukwaa na matangazo ya pembeni. Haionyeshi kilichoko nyuma ya jukwaa. Pale kuna uwanja wa pembeni wa mazoezi, hosteli wanakolala wachezaji, chumba cha mazoezi ya viungo, bwawa la kuogelea. Mchezaji anaamka, anakula, anafanya mazoezi, anatibiwa na anacheza mechi ndani ya uzio mmoja. Kwa klabu za Ulaya hilo ni jambo la kawaida. Kwetu, timu nyingi za Ligi Kuu bado zinaomba uwanja wa shule wafanyie mazoezi, na mwalimu mkuu akiwa na mahafali siku hiyo basi wanahama.

Azam yenyewe ilianza mwaka 2004 kama timu ya wafanyakazi wa kampuni za Bakhresa. Mwaka 2008 ikapanda Ligi Kuu. Ilivyopanda tu, wenye timu wakafanya kitu ambacho vigogo, Simba na Yanga, hawakukifanya kwa zaidi ya miaka sabini: wakatafuta ardhi, wakajenga uwanja wao wa kuchezea ligi. Hawakwenda Masaki, hawakung'ang'ania Kariakoo. Walikwenda Chamazi, kipindi ambacho ukitoka Mbagala Rangi Tatu kuelekea Mbande ulikuwa unapita mikorosho na mashimo, na mvua ikinyesha hupiti kabisa. Watu waliwacheka wakati huo pia. Msimu wa 2013/14 timu hiyo ikachukua ubingwa bila kufungwa hata mechi moja, na mpaka leo ndiyo timu pekee nje ya Simba na Yanga iliyobeba ligi tangu Mtibwa Sugar ilipofanya hivyo mwaka 1999 na 2000. Simwambii mtu kwamba uwanja peke yake ndio uliofunga magoli. Nasema timu yenye kwake inacheza tofauti na timu ya kupangisha.

Kwa miaka mingi Simba na Yanga hawakuwa wakienda Chamazi. Azam akiwa mwenyeji wao, mechi ilihamishiwa Taifa, ambao sasa ni Uwanja wa Mkapa, kwa hoja kwamba mashabiki hawataenea. Mwenye nyumba anaambiwa wageni wake ni wengi mno, ahamie kwingine. Mpaka msimu wa 2017/18 ndipo vigogo wakaanza kuingia pale kama wageni, na jiji halikubomoka.

Halafu ikaja wikiendi ambayo ningependa kila anayesema "porini" aikumbuke. Septemba 30, 2023, Uwanja wa Mkapa umefungwa kwa ukarabati, Yanga inaikaribisha Al Merrikh ya Sudan pale Chamazi. Goli moja la Clement Mzize, na Yanga inaingia hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika kwa mara ya kwanza tangu 1998. Kesho yake, Oktoba 1, Simba na Power Dynamos ya Zambia, uwanja uleule, sare ya goli moja kwa moja, na Simba nayo inafuzu kwa faida ya magoli ya ugenini baada ya ile mbili kwa mbili ya Ndola. Klabu zote mbili kubwa za nchi zimeingia makundi ndani ya saa ishirini na nne kwenye uwanja wa Mbagala. Usiku ule Kilwa Road ilikuwa njano na kijani, kesho yake ikawa nyekundu na nyeupe. Hakuna aliyeuliza uwanja una viti vingapi.

Yanga ikaendelea kuutumia kama nyumbani. Novemba 2024 ikatokea mechi ambayo Yanga ndiye mwenyeji pale na Azam ndiye mgeni, kwenye uwanja wa Azam. Mgeni akashinda moja bila. Baada ya hapo Yanga ikahamia KMC Complex, Mwenge. Klabu iliyoanzishwa mwaka 1935 inahama kutoka uwanja wa kuazima kwenda uwanja wa kuazima, na mtani wake Simba, wa mwaka 1936, naye ni hivyohivyo. Hilo tumeshalisema sana, nisirudie.

Kitu ambacho hakisemwi ni namna uwanja mdogo unavyokuweka karibu na mchezo. Mkapa ni mzuri, umejengwa 2007, unachukua watu elfu sitini, na sitaki kusikia mtu akiubeza. Lakini kati ya jukwaa na nyasi kuna njia ya wanariadha, na ukikaa mzunguko mchezaji unamtambua kwa namba au kwa rangi ya viatu. Chamazi hakuna njia ya riadha. Ukikaa safu za chini unamsikia kipa akipanga ukuta wake, unamsikia kocha akimtukana mwamuzi wa pembeni kwa lugha ambayo huielewi lakini unaijua maana yake. Mpira ukidunda, unaona zile chembe nyeusi za raba zikiruka kutoka kwenye nyasi bandia kama vumbi. Mtoto wa miaka kumi akiona hivyo, anajifunza kitu. Anamwona beki wa kulia anavyogeuza kichwa kuangalia nyuma kabla mpira haujamfikia. Kwenye runinga kamera inafuata mpira, huyo beki humwoni.

Na hapa ndipo hoja yangu ilipo. Tunapima viwanja kwa viti. Kila tukizungumzia maendeleo ya soka tunataja elfu thelathini za Arusha, elfu sitini za Mkapa, na AFCON 2027 imetupa kisingizio cha kuendelea kuzungumza hivyo. Sawa, mashindano yana masharti yake, vijengwe. Ila uwanja wa elfu thelathini unafanya kazi siku ngapi kwa mwaka? Siku za mechi, siku za sherehe za kitaifa, tamasha moja moja. Siku nyingine geti limefungwa, majani yanapumzishwa. Pale Chamazi kazi inafanyika kila siku: asubuhi timu kubwa, baadaye vijana, jioni tena vijana. Thamani ya mahali kama pale iko kwenye Jumanne isiyo na mechi.

Angalieni waliopitia timu za vijana za Azam. Himid Mao, akaenda Misri. Farid Mussa, akaenda Tenerife ya Hispania. Gadiel Michael. Mudathir Yahya. Sospeter Bajana. Novatus Dismas, ambaye mwaka 2023 alikuwa akicheza Ligi ya Mabingwa Ulaya na Shakhtar Donetsk. Ukiondoa majina hayo kwenye Taifa Stars ya miaka kumi na mitano iliyopita, sijui ungebaki na nini katikati ya uwanja. Hao hawakutengenezwa na jukwaa. Walitengenezwa na kitanda cha hosteli, sahani ya wali na maharage inayofika kwa wakati, nyasi zilizo sawa, na mwalimu anayewajua kwa majina. Kijana anayetembea kwa miguu kutoka mazoezini, kisha analala njaa, hata awe na kipaji gani, akifika miaka kumi na tisa goti limekwisha na moyo umekata.

Sasa tazameni Mbagala yenyewe. Tulipokuwa wadogo, kila mtaa ulikuwa na kiwanja. Kilikuwa cha mchanga, kina mteremko upande mmoja, goli la miti miwili bila mwamba, lakini kilikuwepo, na jioni chandimu ilikuwa haikosi. Cha mtaani kwetu kilipimwa viwanja vya makazi. Tulikwenda ofisi inayohusika, tukaambiwa kwenye ramani hakuna eneo la michezo. Wazee waliohamia pale kabla ya ofisi hiyo kuwepo walisimama wakaeleza kwamba eneo liliachwa kwa ajili ya watoto. Wakasikilizwa kwa heshima, na mawe ya mipaka yakawekwa wiki hiyohiyo. Leo kuna nyumba, na sina ugomvi na wenye nyumba, nao walinunua kihalali. Watoto wanacheza barabarani, bodaboda ikija wanasimama, ikipita wanaendelea. Uwanja wa Zakhem umebaki, na kila msimu wa kampeni hata Zakhem tunapigania na majukwaa ya siasa.

Katika hali hiyo, mtu anasimama redioni kuniambia kwamba eneo moja kati ya machache yaliyobaki kwa ajili ya mpira, lililozungushiwa uzio, lenye taa na nyasi, ni aibu kwa sababu liko mbali na Posta, katikati ya jiji. Mbali na nani? Watu wa jiji hili wako Mbagala, wako Gongo la Mboto, wako Chanika, Kivule, Bunju, Kigamboni. Posta usiku hakuna mtu. Ukijenga uwanja pembezoni umeujenga walipo watu na walipo watoto.

Ninachodai ni kwamba Chamazi iigwe. Wala haihitaji tajiri. Manispaa ya Kinondoni imeonyesha pale Mwenge kwamba halmashauri inaweza kuwa na uwanja wa kuchezewa ligi, na vigogo wenyewe wakaenda kuomba nafasi. Kule Kidongo Chekundu, JMK Park, kituo cha michezo cha vijana, ilifunguliwa 2015, ndogo tu, na watoto wa Kariakoo na Ilala wanaitumia mpaka leo. Hizo mbili zinatosha kuwa ushahidi. Temeke iko wapi? Manispaa yenye Uwanja wa Mkapa ndani ya mipaka yake, yenye Chamazi ndani ya mipaka yake, yote miwili imejengwa na wengine. Ya kwake yenyewe, ya mtoto wa Charambe au Toangoma kuingia bila kuulizwa anatoka timu gani, iko wapi?

Maana lazima niseme na hili, japo linanipa shida: Azam Complex ni mali ya watu binafsi. Mtoto wa Mbande hawezi kuamka akachukua mpira akaingia. Geti lina mlinzi, na mlinzi anafanya kazi yake. Anayeingia ni aliyechaguliwa kwenye majaribio, na wanaochaguliwa wanatoka nchi nzima na nje ya nchi. Nimewaona watoto wamejipanga ukutani wakisikiliza filimbi ya mazoezi ndani. Hilo si kosa la Azam, wao wamejenga kwa fedha zao na wameajiri watu wetu. Ila linaonyesha kwa nini mfano huo hauwezi kuachiwa kampuni moja.

Nyasi bandia nazo zina maneno yake. Saa tisa alasiri jua la Dar likiwa kali, joto linapanda kupitia soli, na wachezaji wazee wanalalamika magoti na vifundo. Wanaosema hivyo hawasemi uongo. Lakini kwa uwanja unaotumika kutwa nzima, kwenye mvua za masika zile tunazozijua, nyasi za kawaida zingekuwa tope kufikia Aprili.

Na usafiri, haya, nakubali. Mechi ikiisha saa nne usiku, kutoka Chamazi mpaka Rangi Tatu ni vita. Nauli ya bajaji inapanda mara mbili, bodaboda wanajipangia bei, akina mama wenye watoto wanabaki wamesimama gizani upande wa Mbande wakisubiri daladala ambayo imeshajaa huko ilikotoka. Barabara ya mwendokasi imejengwa Kilwa Road mpaka Mbagala, lakini kutoka hapo kwenda ndani unajitegemea. Hili linatatulika. Siku ya mechi ratiba inajulikana wiki kadhaa kabla. Mamlaka za usafiri zikikaa na klabu na bodi ya ligi, mabasi ya ziada yakapangwa kusubiri nje ya geti kuanzia dakika ya themanini mpaka mtu wa mwisho aondoke, kwa nauli ya kawaida, nusu ya kelele za "porini" zitaisha siku hiyohiyo. Msimu huu waanze na mechi moja ya usiku, yoyote ile wanayoitaka, tuone.