Chanda chema huvikwa pete, lakini na nani?

Chanda chema huvikwa pete. Nimeipenda methali hii tangu nikiwa mdogo, na nimeanza kuitilia shaka ukubwani. Kitazame kitenzi chenyewe: huvikwa. Na nani? Methali imenyamaza. Inatuachia picha ya pete inayotembea yenyewe mpaka ikakifikia kidole kinachostahili, na sisi tulio kwenye fizikia ya jua tumeishi na picha hiyo muda mrefu. Tunadhani kazi nzuri itaonekana tu, kwa sababu kizuri chajiuza.

Niliacha kudhani hivyo nilipokaa kwenye jopo dogo la tuzo ya watafiti chipukizi. Nilikwenda nimejiandaa kwa mabishano, nikitarajia rundo la mafaili. Majina yaliyoletwa hayakumaliza vidole vya mkono mmoja. Wote walistahili, sina neno nao. Ila usiku ule nilijikuta nikiwahesabu wale ambao hawakuletwa, na baadhi yao walikuwa watu ninaosoma kazi zao kila mwezi. Matokeo yalipotangazwa, watu wakanung'unika kwamba jopo lina upendeleo. Huenda linao. Lakini jopo haliwezi kuchagua jina ambalo halipo mezani.

Kwa asiyejua mambo yanavyokwenda: tuzo nyingi za fani yetu huanza na mpendekezaji. Anaandika waraka wa ukurasa mmoja au miwili kueleza mwenzake amefanya nini na kwa nini kina uzito, anaambatisha wasifu na orodha ya machapisho, kisha anawasaka watu kadhaa wa kuandika barua za kuunga mkono, na ni vizuri wasiwe wa taasisi moja. Halafu kuna ile sentensi moja itakayosomwa jukwaani siku ya kukabidhi, ambayo kuitunga kunaweza kukumalizia jioni nzima. Hakuna anayekulipa, wala kazi hiyo haikuongezei chochote kwenye wasifu wako mwenyewe. Ndiyo maana wanaoifanya ni wachache, na wachache hao huwapendekeza wanaowajua. Mcheza kwao hutunzwa. Aliyesomea kwenye kituo kikubwa, chini ya profesa mwenye marafiki kila kamati, ana watu wa kumwandikia hata akiwa amelala. Aliye peke yake kwenye chuo kidogo hana, hata awe hodari namna gani.

Historia ya fani yetu imejaa mambo haya. Samuel Heinrich Schwabe alikuwa mfamasia wa Dessau, Ujerumani. Mwaka 1826 alianza kulitazama jua kila siku isiyo na mawingu, akitafuta sayari iliyodhaniwa kuzunguka ndani ya njia ya Utaridi. Sayari haikuwepo. Alichokipata ni kwamba madoa ya jua, yaani mabaka meusi yanayoonekana usoni mwake, huongezeka na kupungua kwa mzunguko wa takriban miaka kumi, na akalitangaza jambo hilo mwaka 1843. Wachache mno walimjali. Ikapita miaka minane ndipo Alexander von Humboldt, mtu aliyesomwa na kila mwenye elimu wakati huo, alipoliingiza jedwali la Schwabe kwenye kitabu chake. Hapo dunia ikasikia. Medali ya Dhahabu ya Jumuiya ya Kifalme ya Unajimu ya Uingereza (unajimu wa kisayansi wa nyota, si wa kupiga ramli) ikamfikia mwaka 1857. Inasemekana alijifananisha na Sauli, aliyetoka kutafuta punda wa baba yake akarudi na ufalme. Ni mfano mzuri, lakini hata Sauli alihitaji Samweli wa kummiminia mafuta.

(Medali hiyo hiyo alipewa Richard Carrington mwaka 1859, kwa orodha yake ya nyota. Mwaka huo huo, tarehe 1 Septemba, aliona mlipuko mkubwa kwenye jua kwa macho yake, na leo tukisema Carrington hakuna anayekumbuka orodha ya nyota. Kamati nazo zina bahati zake.)

Kwa Annie Maunder mpendekezaji alikuwepo, na bado haikutosha. Alianza kazi kwenye kituo cha kutazamia nyota cha Greenwich, Uingereza, mwaka 1891, akiitwa Annie Russell, akapewa kamera ya kupiga picha za jua na kazi ya kupima madoa. Mwaka 1892 jina lake lilipelekwa pamoja na la Elizabeth Brown na la Alice Everett ili waingizwe kwenye jumuiya hiyo hiyo iliyomtunza Schwabe. Kura hazikutosha. Alipoolewa mwaka 1895 ikambidi aache kazi, maana sheria ya wakati huo haikuruhusu mwanamke mwenye mume kubaki kwenye utumishi wa umma. Hakuacha kulitazama jua. Mwaka 1898 alisafiri India kwa ajili ya kupatwa kwa jua, akapiga picha ya mkia mrefu wa korona, ile angahewa ya nje ya jua, kuliko wowote uliokuwa umepigwa kabla yake. Mwaka 1904 yeye na mumewe Walter walichora ule mchoro unaoonyesha madoa yakisogea kuelekea ikweta ya jua mzunguko baada ya mzunguko, mfano wa vipepeo waliopangwa mstari. Sidhani kuna somo la utangulizi la fizikia ya jua lisilouonyesha. Jumuiya ilimpokea mwaka 1916. Leo hii inatoa medali yenye jina lake kwa wanaowafikishia watu elimu ya anga. Nafurahi ipo. Pia kila ninapoisikia nakumbuka miaka 24 kati ya pendekezo na mlango kufunguliwa.

Kuna kikwazo kingine, nacho ni boksi. Tuzo ina boksi lake, na jua halikai vizuri ndani yake. George Ellery Hale aligundua mwaka 1908 kwamba madoa ya jua yana ugasumaku wenye nguvu, mara ya kwanza kwa binadamu kuuona usumaku nje ya Dunia. Alipendekezwa kuwania Tuzo ya Nobel ya fizikia mara kadhaa na hakuipata; enzi zile unajimu ulikuwa haujahesabiwa sawasawa kuwa fizikia. Hans Bethe alipotunzwa mwaka 1967 kwa kueleza nishati ya nyota inakotoka, Hale alikuwa ameshafariki miaka 29. Hannes Alfvén, aliyetabiri mwaka 1942 mawimbi ambayo leo tunayatafuta kila pembe ya korona, aliipata mwaka 1970. Na mwaka 2002 ikaenda kwa Raymond Davis, akiwa na miaka 88, aliyehesabu nyutrino za jua, chembe ndogo mno zinazotoka kiini chake, kwa kina kirefu ndani ya mgodi wa Homestake, Marekani, akapata theluthi tu ya zile zilizotarajiwa. Aliyezikokotoa zile zilizotarajiwa, John Bahcall, hakuwa kwenye orodha. Nobel haivuki watu watatu kwa mwaka katika kila fani, na theluthi bila kizima chake haina maana yoyote. Mimi mpaka leo haijaniingia akilini.

Ndiyo maana sehemu ya fizikia ya jua ya Jumuiya ya Unajimu ya Marekani ilifanya jambo la busara kuanzisha tuzo yake na kuipa jina la Hale. Ya kwanza, mwaka 1978, ilikwenda kwa Eugene Parker. Kisa chake kinajulikana lakini hakichuji: mwaka 1958 aliandika kwamba jua hutoa upepo wa chembe usiokoma, wahakiki wawili wakaukataa mswada, na mhariri wa jarida, Subrahmanyan Chandrasekhar, ambaye mwenyewe hakuipenda hoja hiyo lakini hakuona kosa kwenye hesabu, akauchapisha. Mwaka 1962 chombo cha Mariner 2 kikaupima upepo huo njiani kwenda Zuhura. Wengi hukisimulia kisa hiki kama sifa ya Parker. Mimi huwa naona zaidi sifa ya Chandrasekhar. Bila yule mhariri, pete za baadaye, ikiwemo Tuzo ya Crafoord ya Uswidi aliyoipata mwaka 2020 akiwa na miaka 92, zingechelewa au zingekwenda kwenye kidole kingine.

Jumuiya hiyo ya Marekani ndiyo iliyomtunza pia Cecilia Payne, mtafiti wa nyota. Mwaka 1925 tasnifu yake ilionyesha kwamba nyota zimejaa hidrojeni kupita kiasi alichokidhani yeyote. Henry Norris Russell, mkubwa wa fani Marekani, akamwambia haiwezekani, na yule binti wa miaka 25 akaandika kwenye kazi yake kwamba karibu hakika matokeo hayo si ya kweli. Miaka minne baadaye Russell alilichunguza jua mwenyewe, akafika pale pale, na kwa muda mrefu sifa ikawa yake. Mwaka 1976 Payne, sasa ana miaka 76, alipewa heshima ya juu kabisa ya jumuiya hiyo. Inaitwa Henry Norris Russell. Sijui alijisikiaje alipousoma mwaliko. Ningekuwa mimi ningecheka kwanza.

Lakini hata tukizirekebisha hizi zote, bado nina malalamiko yangu. Tuzo zetu hupenda wazo. Hupenda mtu mmoja, karatasi moja, mlinganyo mmoja wa kuwekwa kwenye slaidi. Na jua ni kazi ya uvumilivu na ya wengi. Mwezi Juni 1998 SOHO, chombo cha angani cha kulitazama jua, kilipotea. Kilikuwa kinazunguka hovyo, betri hazina chaji, mafuta yameganda ndani ya tangi. Wahandisi walikitafuta kwa rada ya Arecibo, wakakipata, wakakiyeyushia mafuta kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, na kufikia Septemba kikawa kimeelekezwa tena kwenye jua. Kisha, Desemba, jairoskopu ya mwisho, kifaa kinachokisaidia chombo kujua kimegeukia wapi, ikafa. Wakaandika programu mpya ya kukiendesha bila jairoskopu, jambo ambalo chombo kile hakikuundwa kulifanya. Mradi uliopangiwa miaka miwili ukaendelea kwa zaidi ya robo karne. Niulize majina ya wahandisi wale. Siwezi kukutajia matatu, nami nimetumia picha za chombo hicho kwa miaka. Tuzo za vikundi zipo siku hizi, na ni hatua, ingawa sijawahi kuona mtu akipandishwa cheo kwa tuzo ya kikundi.

Au Hisako Koyama wa Tokyo, aliyechora madoa ya jua kwa mkono kwa takriban miaka 40 kuanzia miaka ya 1940, michoro zaidi ya 10,000. Walipokuja watafiti kuunganisha rekodi za miaka 400 ya madoa ziwe mfululizo mmoja, walihitaji waangalizi wachache wa kutegemewa wa kuwa uti wa mgongo. Mmoja wao ni Schwabe. Mwingine ni Koyama. Wote wawili walifanya kazi ile ile: jicho kwenye darubini, penseli, kesho tena. Nje ya Japani, wengi wetu tulimjua akiwa ameshafariki. Hakuwa na Humboldt.

Wapo wanaosema dawa ni watu wajipendekeze wenyewe. Baadhi ya jumuiya zimeshafungua mlango huo, na siupingi. Afadhali mtu aliye mbali awe na njia. Ila wengi wetu tumelelewa tukiambiwa kibaya chajitembeza, na kujipigia debe kunatuwia vigumu hata fomu ikituruhusu. Watakaonufaika ni wale ambao tangu hapo hawakuwa na aibu.

Mwaka 2021 kamati ya watafiti wa barafu na theluji katika Umoja wa Jiofizikia wa Marekani ilipewa orodha ya waliopendekezwa kwa daraja la juu la uanachama, ikakuta wote ni wanaume weupe, ikakataa kupeleka jina hata moja. Si fani yetu, ila tulibishana sana. Niliwaonea huruma wale wanaume, ambao kosa lao lilikuwa kuandikiwa barua nzuri. Lakini kamati iliwarudishia swali wenye nalo: nyinyi mliobaki, mlimwandikia nani?

Mimi sikuwa nimemwandikia mtu. Kuna fundi mmoja niliyefanya naye kazi, mtu wa kusawazisha vipimo vya darubini, ambaye bila yeye nusu ya grafu zangu zingekuwa uongo. Miaka mitatu nimekuwa nikisema mwaka huu nitampendekeza. Mwaka wa kwanza nilikuwa safarini. Mwaka wa pili nilikumbuka siku mbili baada ya dirisha kufungwa. Mwaka wa tatu nilikwama kwenye ile sentensi moja ya jukwaani, maana kila nilichoandika kilisomeka kama maelezo ya kifaa. Fomu imefunguliwa tena wiki hii. Nimeshaomba barua mbili, ya tatu nasubiri jibu, na sentensi bado inanisumbua.