Wapeni Wanafunzi Mada Zinazowagusa

Msimu wa mashindano ya hotuba ukiwadia huku kwetu magharibi mwa Kenya, mada huwa ni zile zile: rushwa ni adui wa maendeleo, vijana ni viongozi wa kesho, tutunze mazingira. Mtoto hupanda jukwaani, akawasalimu waamuzi, akamwaga alichokaririshwa na mwalimu bila kutaja mto, mwaka wala shilingi. Hushuka kwa makofi, na hakuna alichosema.

Najua woga wa walimu unatoka wapi. Aprili 2025, mjini Nakuru, wasichana wa shule ya sekondari ya Butere waliofika tamasha la kitaifa la drama waliimba wimbo wa taifa wakaondoka bila kuigiza, ingawa Mahakama Kuu ilikuwa imeagiza mchezo wao uruhusiwe. Polisi walirusha vitoa machozi. Walimu wakuu walitazama picha zile wakajifunza kunyamaza. Ila wanafunzi nao walizitazama.

Siasa haizuiwi kwa kufunga mlango wa ukumbi. Juni 2024, kaka na dada zao walijaa barabarani kuupinga Mswada wa Fedha uliotaka kuongeza kodi, na Rais akakataa kuutia sahihi siku moja baada ya waandamanaji kuingia Bungeni. Kifungu cha 37 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kuandamana kwa amani, bila silaha. Je, duka la mama muuza mitumba likivunjwa, nani awajibike? Mwanafunzi wa kidato cha tatu aliyejiandaa atalijadili hilo kwa utulivu kuliko wanasiasa wengi ninaowasikia matangani.

Nilimsikiliza msichana mmoja kutoka bonde la Nyando akizungumzia mafuriko. Hakugusa tabianchi mwanzoni. Alianza na madaftari ya mdogo wake yaliyoanikwa juu ya mabati, kurasa zimegandana na wino umesambaa, hata hesabu za muhula mzima hazisomeki. Kisha akauliza: kwa nini mvua ya masika ikizidi, madarasa hugeuzwa kambi, na pesa za kujenga tuta ziko katika bajeti ipi? Mwamuzi aliyeketi kando yangu aliweka kalamu chini akasikiliza. Hiyo ndiyo hotuba.

Mada kama hizo zimejaa. Kuna gugumaji Ziwa Victoria na wavuvi wa Kisumu wanaoshindwa kutoka ufuoni. Kuna kiwanda cha sukari cha Mumias na wakulima wa miwa. Kuna mgao wa serikali wa shilingi 22,244 kwa mwaka uliowekwa kwa kila mwanafunzi wa sekondari ya umma: ukichelewa, wa kwanza kujua ni yule anayeona maharagwe yakipungua kwenye sahani.

Ombi langu kwa walimu ni hili: msiwaandikie. Mtumeni mwanafunzi kwa chifu, kwa mwakilishi wadi, kwa mzee wa ufuo, arudi na majina ya mito na hesabu za pesa. Na siku ya mashindano apangiwe kwa kura ya bahati upande atakaoutetea, ili ajiandae kwa pande zote mbili.